Moshi wa Buluu Kwenye Mikaratusi ya Mlima Kigali

Fundi aliifungua plagi, akaipangusa kwa tambara, akaiinua kwenye mwanga wa asubuhi kama sonara anayekagua pete. Ncha ilikuwa nyeusi tii, imelowa oili. Akanipa niishike.

"Mwanangu, pikipiki yako bado iko Mombasa," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeileta kutoka pwani wiki chache kabla, na sasa tulikuwa kwenye kibanda chake Nyamirambo, mtaa wa Kigali, mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, mlima wenyewe ukiwa umetuinamia mgongoni. Hewa ya huku ni nyepesi. Ukifika kileleni mwa Mlima Kigali, takriban mita 1,850, hewa inayoingia kwenye silinda imepungua uzito kwa karibu sehemu moja katika sita ukilinganisha na ile ya ufukweni. Kabureta haina macho. Ikishapimiwa hewa ya baharini, itaendelea kumwaga petroli kwa kipimo kilekile hata hewa ikipungua. Ndipo injini inapokohoa, moshi unakuwa mzito, plagi inalowa, na mwenye pikipiki anapiga kiki mpaka shati linamganda mgongoni.

Dawa yake ni jeti, kiskrubu cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, chenye tundu katikati. Mzee alikuwa nazo nyingi kwenye kopo la maziwa ya unga. Alizichambua kwa ukucha, akatoa moja yenye tundu dogo zaidi, akaifunga, akashusha sindano ya kabureta kidato kimoja, akaniambia nikazunguke mpaka kwenye kona ya juu na kurudi. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu plagi ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na hapo akarudisha bisibisi kwenye sanduku bila kusema neno. Rangi hiyo ndiyo wanayoitafuta mafundi wote wa injini hizi, ingawa wengi wa hapa hawaiiti plagi. Huiita buji, urithi wa Kifaransa, na neno hilohilo ndilo jina la mshumaa kwa Kinyarwanda. Kila kitu kingine tuliongea kwa Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini ambacho Nyamirambo na Biryogo wamekisema tangu enzi za babu zao.

Nimeanza na plagi kwa sababu watu wakisikia habari za pikipiki zenye nguvu porini huona matope yakiruka na vijana wakipaa angani. Mimi, baada ya miaka mitatu ya kupanda na kushuka kwenye mikaratusi ya huku, naona sikio na mkono wa kulia. Sikio husikiliza injini inataka nini. Mkono wa kulia huinyima.

Injini ya mapigo mawili, ile ambayo mitaani huitwa ya kuchanganya oili, ina haraka ya kuzaliwa nayo. Moto, kama pikipiki za abiria zinavyoitwa Kigali, nyingi zina injini ya mapigo manne, na kwa hizo krenki huzunguka mara mbili ndipo upatikane mlipuko mmoja. Kwa hii, kila mzunguko una mlipuko wake. Haina valvu za juu kama zile. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, hufunua na kuziba matundu kwenye ukuta wa silinda. Vitu vikipungua, uzito nao unapungua. Pikipiki ya kisasa ya msituni yenye injini ya aina hii, ya ukubwa wa sentimita za ujazo 300, ina uzito wa kilo 105 hivi na nguvu za farasi karibu 50. Moto ya abiria ina uzito unaokaribia huo, na nguvu za farasi kama 10. Fikiria mzigo uleule umesukumwa na mikono mitano badala ya mmoja.

Nguvu hizo, tena, haziji kwa utaratibu. Chini, injini ni pole, unaweza kutembea nayo kati ya miti kama unayemwongoza punda. Ukiendelea kufungua mafuta, inafika mahali mlio unabadilika ghafla, unakuwa mwembamba na mkali, na pikipiki inakurupuka. Siri iko kwenye ekzosi, ile yenye tumbo kubwa katikati kama chatu aliyemeza mbuzi. Wimbi la mlipuko hutoka, hugonga sehemu inayobana mwishoni, hurudi, na kuisukumia ndani ya silinda petroli iliyokuwa inatoroka. Aliyeipatia hesabu yake ni Mjerumani Walter Kaaden, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya MZ huko Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1950. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi akiwa na siri hizo na kuhamia Suzuki, na mwaka uliofuata akaipa kampuni hiyo ubingwa wa dunia wa pikipiki za 50. Ujuzi ukaenea Japani. Mwaka 1968 Yamaha ilitoa DT-1, pikipiki nyepesi ya 250 iliyowafungulia watu wa kawaida njia za msituni, na baada ya hapo zikafuata ndugu zake wadogo waliofika mpaka kwetu.

Maana Afrika Mashariki iliijua injini hii kazini kabla ya kuijua kwenye mchezo. Muulize mtu yeyote aliyekulia shamba kuhusu AG100 ya Yamaha. Ilikuwa pikipiki ya afisa kilimo, ya muuguzi anayebeba chanjo, ya mfanyakazi wa shirika anayekwenda mahali ambapo gari limeshindwa. Iliundwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima: cheni imefunikwa yote matope yasiifikie, stendi ziko pande zote mbili ili uweze kuiegesha kwenye mteremko wowote, mbele na nyuma kuna kerea, na oili ina tangi lake pekee, mashine inachanganya yenyewe. Haina hata sentimita za ujazo 100 kamili. Moshi wake wa buluu na mlio wake, ring-ding-ding, ulikuwa tangazo kwamba mgeni anakuja kilimani. Ninapoipanda 300 yangu najua nimempanda mpwa aliyelishwa vizuri wa mzee yule.

Njia yangu huanzia juu ya Nyamirambo. Mlima Kigali ulionekana na dunia nzima tarehe 28 Septemba 2025, siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na ni kwenye mpando wa Mlima Kigali, zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, ambapo Tadej Pogačar alianza kuwaacha wenzake mpaka akashinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Nilikuwa nimesimama kando ya lami siku ile, nikiwatazama wakipita na nyuso zilizokunjamana, na nikauheshimu mlima upya. Mimi hupandishwa na petroli.

Lami ikiisha, msitu unaanza. Ni msitu wa kupandwa, wa mikaratusi, ambayo Wanyarwanda huiita inturusu, na misonobari. Mikaratusi ililetwa na wageni mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo ndiyo kuni, ndiyo mkaa, ndiyo nguzo za kujengea. Mti huu hubambuka magome marefu kama riboni, na gome likilala njiani baada ya mvua za Umuhindo, zile za mwisho wa mwaka, tairi linaona sabuni. Chini ya gome kuna mizizi iliyokatiza njia kwa mshazari, na chini ya mizizi ni udongo mwekundu ambao ukikauka ni tofali na ukilowa ni siagi.

Hapo ndipo mkono wa kulia unapojulikana. Mgeni akiuona mpando wa namna hiyo hufungua mafuta. Tairi la nyuma linazunguka mahali pamoja, linachimba, mwili unarudi nyuma, na katika kurudi huko mkono unafungua mafuta zaidi bila kupenda. Nimefanya hivyo, nikalala chini ya pikipiki yangu mwenyewe nikinusa petroli. Anayejua hupanda kwa gia ya juu kidogo kuliko moyo wake unavyotaka, ya pili au hata ya tatu, injini ikiwa chini kabisa, kidole kimoja kwenye klachi. Husimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, macho kwenye mzizi wa tatu mbele, maana mzizi wa kwanza umeshaamuliwa. Tairi likianza kuteleza, klachi inavutwa kwa upana wa ukucha na kuachiwa. Ukiwa nje unasikia mlio unaopanda na kushuka kama mtu anayenong'ona. Mpando mgumu uliopandwa vizuri hauna kelele wala vumbi. Majani nyuma ya pikipiki hubaki yalipokuwa.

Kushuka ni habari nyingine, na ni kushuka kulikonifundisha kwa gharama. Injini ya mapigo manne ikifungiwa mafuta hukusaidia breki. Hii haikusaidii sana, inakimbia tu. Na kuna jambo baya zaidi, hasa kwenye nchi hii ya milima elfu. Katika pikipiki za kuchanganya, oili husafiri ndani ya petroli. Mimi huweka mililita 20 kwa kila lita. Ukifunga mafuta kwenye mteremko mrefu huku gia imeingia, magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, lakini petroli haiingii, kwa hiyo oili nayo haiingii. Pistoni inasugua silinda kavu. Niliposhuka kutoka Mlima Jali mwaka wangu wa kwanza, sikulijua hilo. Nilisikia mlio wa ajabu, kama mlango wa chuma unaoburutwa, kisha gurudumu la nyuma likakaza ghafla na kunitupa kwenye majani ya chai-chai kando ya njia. Injini ilikuwa imenoki. Niliisukuma mpaka barabarani kwa saa nzima, na mzee wa Nyamirambo alipoitoa pistoni akanionyesha mistari ubavuni mwake kama makucha ya paka. Tangu siku hiyo, kwenye mteremko huvuta klachi na kuilisha injini kidogo kidogo, vru, vru, kama unavyomnywesha mgonjwa.

Njia hizi hazikutengenezwa na pikipiki. Zilitengenezwa na miguu: ya mama anayekwenda kuokota kuni, ya mtoto anayeshuka shule, ya mzee anayepeleka ndizi sokoni kwa baiskeli anayoisukuma. Kuna farasi pia, maana juu ya mlima kuna Fazenda Sengha, mahali pa kupanda farasi, na farasi akiisikia injini hii hana habari kwamba wewe ni mtu mwema. Sisi tunaopita huko tumekubaliana jambo moja: ukimwona mtu, zima injini. Usipunguze mwendo tu, zima. Ukae upande wa chini wa njia ili yeye mwenye mzigo kichwani apite upande wa juu, salama. Msalimu: "Mwaramutse." Akijibu, umepokelewa. Hapo unaweza kusukuma pikipiki hatua ishirini kabla ya kuiwasha. Injini ya kisasa huwaka kwa kitufe, kwa hiyo hakuna wa kusingizia uchovu. Nimewaona wageni waliopita kwa kasi huku mwanamke ameruka kwenye mfereji na ndoo yake, na nasema bila kuficha kwamba mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata baiskeli.

Na mfereji huo ndio kiini cha makala haya. Ukitembea kwenye kilima chochote cha Rwanda utaikuta mitaro iliyochimbwa kukatiza mteremko, mmoja chini ya mwingine. Wenyewe huiita imirwanyasuri, mitaro ya kupigana na mmomonyoko. Maji ya mvua yakishuka hukamatwa hapo, hutulia, hunywewa na ardhi. Mpanda pikipiki huiona kama kikwazo kitamu: unainua gurudumu la mbele, unagusa ukingo, unaruka. Lakini ukingo ule ni udongo uliorundikwa kwa jembe. Tairi la nyuma lenye meno, likisukumwa na farasi 50, huukata kwa nusu sekunde. Ukifuatwa na wenzako wanne mahali palepale, mmeacha mkato wa kina cha mkono. Mvua ijayo haitakamatwa. Itapita kwenye mkato, itafuata mstari wa matairi yenu chini, na mstari utakuwa mfereji, na mfereji utaelekea kwenye shamba la maharage la mtu.

Nchi hii haina udongo wa kuchezea. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na zaidi ya watu 130 walikufa. Kilima kilichochimbwa vibaya si mandhari iliyoharibika tu. Kinaweza kuwa nyumba iliyofunikwa. Kwa hiyo hatuendi njia zenye mwinuko mkali wakati wa Itumba, mvua za Machi mpaka Mei, hata siku jua likiwaka. Na kwenye mtaro, tunashuka na kuivusha pikipiki kwa mkono penye daraja la mbao, au tunageuza.

Sitetei moshi pia. Katika injini za zamani za aina hii kuna kipindi ambapo tundu la kuingizia na la kutolea yako wazi kwa pamoja, na sehemu ya petroli hutoka mbichi bila kuungua. Huo ni upotevu na ni uchafu. Watengenezaji wamejitahidi: KTM, kuanzia pikipiki zake za mwaka 2018, ilianza kuweka mfumo wa kompyuta wa kupulizia mafuta kwenye mashine za msituni za mapigo mawili, na hizo hazihitaji jeti wala kopo la mzee, zinajipimia hewa zenyewe. Lakini Kigali imekwenda mbele zaidi. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 imeamua kwamba kuanzia Januari 2025 moto mpya za abiria zinazosajiliwa jijini ziwe za umeme. Kampuni ya Ampersand ilianza kuzitembeza hapa mwaka 2019, na siku hizi nikisimama kwenye taa za Nyabugogo, moto nyingine zinapita nasikia mlio wa matairi tu, bila injini. Pikipiki za msituni za umeme nazo zipo, zenye nguvu kuliko yangu. Nimejaribu moja. Inapanda kama ngedere, na yule mama mwenye kuni hasikii kero yoyote. Nilipoishuka nilikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, kwa sababu sikio langu halikuwa na kazi.

Ninachokiomba ni kitu kidogo. Waganda wana uwanja wa Garuga, karibu na barabara ya Entebbe, na Wakenya wana Jamhuri Park, ambako watoto huanzia kwenye pikipiki ndogo za 65 na 85, za mapigo mawili, mzazi akiwa pembeni na mwalimu akiwa na filimbi. Wanajifunza mkono wa kulia kabla hawajapata nguvu za kuumiza mtu. Desemba 2024, kwenye mkutano mkuu wa FIA, shirikisho la magari duniani, uliofanyika hapahapa Kigali, Rais Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula One. Naiunga mkono ndoto hiyo. Ila uwanja wa lami wa magari yale ni mamilioni mengi ya dola, na ekari chache za udongo zenye kona, vilima na uzio ni kazi ya tingatinga kwa wiki kadhaa. Vijana wa Nyamirambo wanaozifahamu injini kwa harufu wapo tayari. Wakiwa na mahali pao, mlima utapumzika.

Mwaka jana tulikosea. Mmoja wetu, na jina lake halina haja ya kutajwa hapa, aliurukia mtaro juu ya shamba la mihogo, na wengine tukamfuata kabla ya kufikiri. Mimi nilikuwa wa tatu. Mwenye shamba hakutupigia kelele. Alisimama, akauangalia ule ufa, akatuuliza tu kama tunakaa mbali.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ilipofika tulikwenda kwake kwa miguu, saa mbili asubuhi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wakati mtaa wote uko nje na majembe mpaka saa tano. Tuliukuta mkato umeshapanuka kufikia upana wa mabega. Tulichimba mtaro upya kwa hatua thelathini, tukarundika udongo upande wa chini, tukaushindilia kwa miguu, tukapanda juu yake mabingobingo aliyotupa yeye, nyasi zile ndefu za kulishia ng'ombe. Mikono yangu, ambayo nilidhani imekomaa kwa kushika klachi, ilitoa malengelenge manne.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilipanda peke yangu, bila pikipiki. Maji yalikuwa yameshuka kutoka kwenye mikaratusi yakiwa mekundu, yakafika kwenye mtaro, yakageuka kulia, yakaingia kwenye nyasi.